Siku Niliyowafukuza Rakhma

Nyuma ya nyumba niliyofanyia kazi Sidab, kijiji cha pwani karibu na Maskati, kulikuwa na jabali jeusi, na juu yake, mahali ambapo hata mbuzi hawakufika, palikuwa na doa jeupe kama chokaa iliyomwagika. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni jiwe la rangi nyingine. Nilipanda kwenye paa kuanika nguo, nikalitazama, nikashuka. Siku moja doa lile likatoa ndege. Alijitupa kutoka kwenye mwamba, akakunjua mbawa nyeupe zenye ncha nyeusi, akapita juu ya kamba zangu bila kupiga bawa hata mara moja. Ndipo nikajua kwamba pale palikuwa na kiota, na ule weupe ulikuwa mavi yao ya miaka na miaka.

Nikacheka peke yangu. Ndege wa aina ile nilikuwa namjua.

Kwetu ni Kondoa. Miaka ya tisini nilichunga mbuzi wa baba kabla ya shule na baada ya shule, na mchunga mbuzi hawezi kuacha kuwajua tumbusi. Mbuzi akipotea, wao ndio hukuambia kama bado unatafuta mnyama au unatafuta ngozi. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Mpaka leo nasoma kwa kidole, na kuandika kwangu ni kwa mwendo wa kinyonga. Sioni kuwa ni kasoro. Mtu wa polepole huona mengi, na mimi niliona mengi kutoka kwenye paa lile.

Nilikuwa pia na haya za kupita kiasi. Siku niliyofika Maskati, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikaa kwenye benchi la uwanja wa ndege saa nzima nikimwangalia mtu aliyesimama mbele yangu na karatasi yenye jina langu. Jina niliweza kulisoma. Kunyanyuka na kumwambia "ni mimi" ndiko kulikonishinda. Abiria walipokwisha wote, yeye mwenyewe akanijia akaniuliza, "Basi kama si wewe, ni nani?"

Mtu huyo alikuwa mwana wa Bimkubwa, bibi mzee niliyeletwa kumfanyia kazi za nyumbani. Kazi yake ilikuwa serikalini, nyumba yake Madinat Sultan Qaboos, na mama yake alikataa katakata kuhamia huko. Bimkubwa alizaliwa Unguja, akarudi Maskati na wazee wake akiwa mwanamke mzima. Nyumbani alisema Kiswahili, mlangoni na majirani Kiarabu, na akikasirika vyote viwili kwa mpigo. Mumewe alikwishafariki. Alibaki na nyumba, mndimu mmoja uani, na mbuzi jike mzee aliyekuwa akimwita "ajuza mwenzangu."

"Wee binti," aliniambia siku moja kutoka chini, "unaanika nguo au unazisomea?"

"Naangalia ndege, Bimkubwa."

"Ndege gani?"

"Tumbusi. Wale weupe wa jabalini."

"Ah! Rakhma!" Akaitamka ile kha kutoka kooni kama anasafisha njia. "Hao majirani zangu. Nimewakuta hapa, na n'tawaacha hapa. Waangalie tu, lakini shuka zangu zisichomwe na jua."

Tangu siku hiyo nikawa na ruhusa. Mwanawe aliposikia, Ijumaa moja akaja na darubini kuukuu aliyoikuta kabatini kwake, ya macho mawili lakini jicho moja limeingia ukungu. Nilifumba jicho langu la kushoto nikatazama kwa la kulia, na uso wa rakhma ukanijia hadi puani: ngozi ya manjano isiyo na manyoya, nywele za kisogoni zimesimama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Si ndege mzuri. Lakini nilijifunza kuwatofautisha. Mmoja alikuwa na pengo kwenye bawa la kushoto, unyoya mmoja haukuota tena. Mwenye pengo na mwenzake walipokezana kiotani, huyu akitua yule anaondoka.

Sidab, miaka ile, mnyama akifa watu wengi walimtia kwenye pipa la taka la baladia, yaani manispaa. Bimkubwa hakukubali. Sikukuu ya Hija, baada ya kuchinja, mapafu na matumbo yaliyobaki niliyapeleka kwa sinia mpaka kwenye wadi, lile bonde kavu nyuma ya kijiji, nikayaweka juu ya jiwe bapa. "Rakhma ana haki yake," alisema. "Yeye hana kisu, basi asile?" Nikiweka sinia, nilikaa hatua chache tu kando, kimya, nikijifunika kanga yangu nyekundu. Mara ya kwanza walizunguka mpaka nikachoka. Baada ya sikukuu mbili tatu walikuwa wakitua hata kabla sijainuka. Mwenye pengo aliwahi kupita karibu nami akitembea kwa miguu yake, taratibu, kama mzee anayekwenda msikitini. Nilijivunia jambo lile kuliko mshahara. Haya zangu, zilizonifanya mjinga mbele ya watu, ndizo zilizonifanya nikubalike kwao.

Mtu wa pili aliyetazama jabali alikuwa nyumba ya jirani. Alikuwa Mnepali wa makamo, mtunza bustani na mwosha magari, na nilimjua kwa makelele ya bosi wake. Alikuwa akishika mpira wa maji, anainua uso juu, na maji yanafurika maua mpaka yanatoka barabarani. Siku moja niliona uso wake umeelekea palepale ulipoelekea wangu. Tukasalimiana juu ya ukuta. Tulizungumza Kiarabu cha kazi, kile kisicho na mwanzo wala mwisho, na yeye aliniita *bahini*, ambalo kwao ni dada mdogo.

Alitoka nchi tambarare iliyo chini ya milima ya theluji, kando ya msitu wenye vifaru. Alinisimulia jinsi alivyolala mbugani juu ya jukwaa la miti kuulinda mpunga, na jinsi kifaru anavyokula shamba zima huku anakukoromea. Nikamuuliza kama huko kuna ndege kama hawa.

"Walikuwepo. Wakubwa kuliko hawa, na hawa weupe pia. Sasa wamekwisha."

"Wamehamia wapi?"

"Hawakuhama, bahini. Wamekufa."

Akanieleza. Kijijini kwao palikuwa na mti uliojaa tumbusi mpaka matawi yanavunjika. Halafu wakaanza kukaa na shingo zimeinama, siku nzima, siku ya pili, kisha wanaanguka kama maembe. Ng'ombe wakifa wanalala wazi wiki nzima, wananuka, mbwa wanazaliana. Baadaye wakaja watu na picha, wakiita wakulima chini ya mti uleule mtupu. Wakawaambia ni dawa. Ng'ombe anaumwa miguu, anachomwa dawa ya maumivu, anakufa na dawa mwilini, na tumbusi anayemla figo zake zinaharibika.

"Mimi nilibisha," alisema. "Niliwaambia, dawa inaponya, itauaje? Lakini mti ulikuwa mtupu. Ningebishana na nani?"

Nilimwonyesha mwenye pengo aliyekuwa anatua, naye akamtazama muda mrefu, na maji yakafika barabarani.

Mwaka ninaosimulia, kinda lilitoka mwezi wa tano. Nililiona kwa jicho langu moja la darubini: donge la pamba chafu likitikisika ukingoni. Joto lilikuwa limeshaanza kuuma. Na mwaka huo mbuzi wa Bimkubwa alikuwa mgonjwa wa magoti. Yalimvimba kama malimao, akawa anasimama kwa miguu mitatu mbele ya bakuli la dagaa wakavu, chakula cha mbuzi wa huko, halafu hata hasimami. Kisha, kwa mshangao wangu, akapata nafuu. Alitembea tena mpaka mlangoni na kurudi.

"Ameniona mimi natembea, na yeye akaona aibu," alisema Bimkubwa, ambaye naye alikuwa na magoti mabovu.

Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kahawa na tende. Zamani alikuwa akila tende moja na dawa yake ya maungo. Tangu mbuzi augue alitaka mbili, zote zimetolewa kokwa. Nilidhani ni hamu ya uzee.

Nafuu ya mbuzi haikudumu. Asubuhi moja tulimkuta amelala uani chini ya mndimu, macho wazi. Bimkubwa alikaa kwenye kigoda akamfuta vumbi usoni kwa upande wa shela yake. Hakulia. Alisema, "Mpeleke wadini. Wamle majirani, asitiwe pipani na maganda ya vitunguu." Niliazima toroli kwa Mnepali, nikamshusha bondeni peke yangu, nikamlaza kwenye jiwe bapa, nikarudi mbio kabla kahawa haijapoa.

Niliweka tende mbili kwenye kisahani kama kawaida.

Bimkubwa alizitazama, akarudisha moja.

"Leo moja inatosha."

"Huna hamu, Bimkubwa?"

"Ya pili ilikuwa yake."

Sikuelewa. Akanionyesha kipaketi cha vidonge. "Mie nameza changu, na yeye n'namtilia chake ndani ya tende. Kwani kilichonisaidia mie kitamdhuru yeye? Maungo ni maungo. Si umeona alivyotembea? Mpaka jana magharibi nimempa."

Nilisimama na dele la kahawa mkononi. Nilisikia sauti ya Mnepali kichwani mwangu, na maembe yanaanguka. Nikakichukua kipaketi bila kuomba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika nyumba ile, nikaenda ukutani.

"Rafiki! Rafiki!"

Alikuja na mpira wa maji. Nikamsomea jina la dawa kwa kidole, silabi moja moja: di-klo-fe-na-ki. Sikumaliza. Mpira ulimponyoka ukaanza kucheza chini kama nyoka, ukamlowesha miguu.

"Nani amekula?"

"Mbuzi. Kila siku. Mpaka jana."

"Mbuzi wa toroli?"

"Huyo."

"Bahini, kimbia! Wasimguse. Mimi bosi yupo, akitoka tu nakuja na toroli. Kimbia!"

Nilikimbia. Nikiwa langoni nikageuka, nikapiga kelele kwa nguvu ambazo sikujua ninazo: "Bimkubwa, dawa yako inaua rakhma!" Nyuma yangu nikasikia kigoda kinaanguka.

Walikuwa wameshatua. Mwenye pengo amesimama juu ya mbavu za mbuzi, mwenzake kando ya kichwa. Jicho moja la mbuzi halikuwepo tena. Nilipofika, hawakuruka. Kwa nini waruke? Walinijua. Ilikuwa ile kanga nyekundu, yule mtu anayekaa kimya. Mwenye pengo aliinua uso akanitazama, kisha akainamia tumbo.

Nilimtupia jiwe.

Halikumpata, wala sikutaka limpate, lakini lilipiga mwamba kando yake, naye akaruka hatua mbili akatua tena. Nikatupa la pili. Nikavua kanga nikaipunga, nikapiga kelele. Mwanzoni sauti ilitoka kama ya paka. Halafu ikafunguka. Nilipiga ule ukelele wa kwetu wa kufukuza fisi, wa tumboni, ambao sikuupiga tangu utoto, na bonde likaurudisha mara mbili. Rakhma wote wawili wakapanda hewani.

Hawakwenda mbali. Walizunguka juu yangu, kivuli kikinipita, kinarudi, kinanipita. Mmoja alitua kwenye mwamba wa pili, akaja kwa miguu. Nikamkimbilia. Mwenzake akatua upande wa pili. Nikarudi. Walikuwa na kinda la kulisha na nyama iko pale, iko wazi, na mimi niliyeileta ndiye ninayewazuia. Nadhani mtu angenipita angesema huyu msichana amepatwa na jua. Mawe yalikuwa ya moto, kila niliposhika nilitupa haraka zaidi kuliko nilivyokusudia. Koo lilikauka mpaka ukelele ukawa mkwaruzo, nikawa napiga mawe mawili moja juu ya jingine. Sikukaa chini. Nilijua nikikaa kimya kidogo tu watasahau, watanirudia kama zamani, na kuniamini kwao ndiko kutakakowaua.

Mnepali alipokuja na toroli, na chupa ya maji kwapani, hawakuwa tena kwenye miamba ya karibu. Walikuwa nukta mbili juu sana.

"Wamekula?" akauliza.

"Jicho. Zaidi sijui."

Akalipapasa tumbo la mbuzi, ngozi ilikuwa nzima. Akatikisa kichwa kwa namna ya kwao ambayo sikuwahi kujua kama ni ndiyo au hapana.

Pale wadini hapachimbiki, ni mawe matupu, na pipa la baladia lilikuwa limejaa mpaka juu, kila kunguru wa Sidab amekaa juu yake. Tukamsukuma mbuzi kurudi alikotoka. Kupanda kilima kulitutoa jasho, na ajuza alikuwa anateleza upande wangu kila toroli likiinama. Langoni Bimkubwa alikuwa amesimama na bakora yake.

"Asubuhi nimemuaga," alisema, "mchana mnanirejeshea?"

Mnepali aliinamisha kichwa. Alimwita Mama, na Kiarabu chake kilimwishia mbele yake. Ilibidi niseme mimi. Nikaeleza yote, habari ya mti wa kwao, ya shingo zinazoinama, ya tende. Sikuangalia miguu yangu. Nilimwambia kwamba hakukosea kumhurumia mbuzi, ila huruma hiyo ilibaki mwilini mwa mbuzi, na rakhma hawana wa kuwaambia. Tulihitaji udongo laini, na udongo laini ulikuwa mahali pamoja tu.

Bimkubwa alitazama mndimu wake. Alikuwa ameuleta mche wake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuchuma jani.

"Mndimu hauna mbawa," alisema mwishowe. "Chimbeni. Chimbeni sana, mbweha wasimfukue. Na wewe baba, kunywa maji kwanza, umekuwa mwekundu kama nyanya."

Tulichimba mpaka mizizi, tukamfukia, tukapanga mawe juu.

Ilibaki kungoja. Mnepali alikuwa ameniambia nitazame shingo. Rakhma akikaa na shingo imeinama, basi amekwisha. Kila nilipopanda paani nilikuwa na nguo mkono mmoja na darubini mkono wa pili. Siku ya kwanza baada ya maziko niliwaona wote. Siku iliyofuata nilimwona mmoja tu, yule mzima wa mbawa, akienda na kurudi. Mwenye pengo alikuwa ukingoni mwa kiota. Hakuondoka asubuhi. Hakuondoka mchana. Jua lilipokuwa kali kuliko yote nilimwona ameinamisha shingo, mbawa zimelegea pande zote mbili, mdomo wazi.

Nilishuka. Nikamwambia Bimkubwa, "Mmoja ameinama."

Alikuwa anachambua mchele. Mikono ilisimama. "Yupi?"

"Mwenye pengo."

Akasukuma sinia, akashika ukuta, akaanza kupanda ngazi ya paa. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuipanda. Alikuwa ameacha vidonge vyake tangu siku ile, nilimwambia mara ngapi yeye si mbuzi na hataliwa na rakhma, hakunisikia, na sasa kila ngazi alivuta pumzi na kumtaja Mola. Nilimsukuma kwa nyuma. Juu nikampa darubini nikamwelekeza jicho zuri.

Alitazama muda mrefu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia.

"Wee mtoto wa kichungaji," alisema, "hujapata kuona kuku?"

Nikachukua darubini. Chini ya mbawa zile zilizolegea, katika kivuli kidogo zilichokifanya, kinda lilikuwa limelala. Mwenye pengo alikuwa amelisimamia jua lisilichome. Jua lilipohamia upande, naye akahama kidogo, akainama tena. Alasiri mwenzake alipotua, mwenye pengo alinyoosha shingo, akakung'uta manyoya, akajitupa hewani kama siku ya kwanza nilipomwona.

Bimkubwa alibaki paani mpaka magharibi, kwa sababu kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

Jioni ile ile alikunywa dawa yake. Na kwenye vikao vya kahawa alianza kazi ambayo mimi na Mnepali tusingeiweza. Wanawake wa Sidab walimsikiliza, na aliwaeleza kwa Kiarabu na Kiswahili, kila mara akiongeza chumvi: mara rakhma alikuwa anatapatapa, mara mimi nilipigana naye kwa mikono. Lakini neno lilibaki. Mnyama akifa, mtu aliulizwa kwanza kama alikuwa amepewa dawa. Akiwa amepewa, anafukiwa au anafungwa vizuri kwa baladia. Mwanawe alinipa taarifa kuwa hata dereva wa ofisini kwao, ambaye ndugu zake wanakaa Sidab, alimuuliza habari hiyo kana kwamba ni sheria ya zamani.

Mnepali alikwenda likizo kwao, akarudi na picha kwenye simu. Kijiji cha jirani na chao kilikuwa kimetenga uwanja wa kutunza ng'ombe wazee mpaka wafe wenyewe bila dawa ile, kisha wanawekewa tumbusi. Katika picha kulikuwa na mti, na kwenye mti ndege saba au wanane. "Si kama zamani," alisema. "Lakini tawi moja limeinama, ona." Kweli lilikuwa limeinama.

Na mimi? Rakhma hawakunisamehe. Sikukuu iliyofuata nilipeleka sinia, nikakaa, nikangoja mpaka nzi wakaja kwanza. Walizunguka juu, hawakutua. Nilibadili kanga, nikavaa ya kijani, nikavaa buibui la Bimkubwa. Walinijua kwa mwendo. Mwishowe nikawa naweka sinia naondoka, na kutoka paani, mbali, kwa jicho langu moja, ndipo niliwaona wakila.

Lakini kabla ya hapo, mwisho wa kiangazi kile, nilikuwa paani na shuka mbichi mkononi wakati kinda lilipoacha jabali. Lilikuwa jeusi, halifanani na wazazi wake hata kidogo, na lilipiga mbawa vibaya kama mtu anayekung'uta mkeka. Likapita juu ya kamba, likayumba, likatua kwenye tangi la maji, hatua chache kutoka kwangu. Likanitazama. Halikuwa limeambiwa chochote habari zangu.

"Wee!" Bimkubwa aliita kutoka uani. "Hizo shuka zimekwisha?"

Sauti sasa nilikuwa nayo. Sikumjibu. Maji ya shuka yalidondoka juu ya miguu yangu, tone baada ya tone, nami sikutikisika.